Vidonda vya Tumbo kwa Farasi: Pesa Ianze Wapi?

Farasi anaacha nafaka kwenye ndoo lakini nyasi anazila. Mkanda wa tandiko ukikazwa, analaza masikio na kutafuta pa kuuma. Anakonda ilhali anakula, manyoya yamepoteza mng'ao, na kazi aliyokuwa akiifanya bila shida sasa anaikwepa. Iwe ni kwenye mabanda ya farasi wa mbio pale Ngong, Nairobi, kwenye viwanja vya polo vya Gilgil, au kwa wanaofuga farasi wa kupanda kule Arusha, hukumu huwa imeshatolewa kabla daktari wa mifugo hajashuka garini: huyu ana vidonda vya tumbo.

Mara nyingi hukumu hiyo ni sahihi, na mara nyingi si sahihi. Dawa iliyothibitishwa ni ghali. Kipimo pekee cha uhakika nacho ni ghali, tena hakipatikani kila mahali. Kati ya hivyo viwili limezuka soko la poda, juisi na michanganyiko yenye ahadi nyingi. Mwenye farasi asiye na mfuko mzito hubaki na swali moja: hizi shilingi chache nilizo nazo, nizitumie wapi kwanza?

Makala hii inashikilia kwamba tiba nafuu ni suala la mpangilio wa matumizi. Kwanza yafanywe yale ya malisho, ambayo farasi anayahitaji hata kama hana kidonda. Kisha itolewe dawa sahihi kwa muda uliowekewa mwisho. Kamera ya kutazama ndani ya tumbo, yaani kile kipimo cha uhakika, iitwe pale dawa inapokosa kuleta nafuu, pale yenyewe ni nafuu kuliko dawa, au pale mazingira ya farasi yanapoonyesha tangu mwanzo kwamba dawa hiyo peke yake haitafua dafu. Anayevuruga mpangilio huu hulipa mara mbili.

Tumbo dogo, asidi ya muda wote

Tumbo la farasi mzima hubeba lita 8 hadi 15 tu, kiasi kidogo kwa mnyama wa kilo 450. Ni tumbo la mnyama anayekula kidogo kidogo, mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Akiachwa malishoni, farasi anaweza kula kwa saa 16 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo asidi yake hutoka muda wote, awe anakula au hali. Kinachoipunguza makali ni nyasi zilizomo tumboni, pamoja na mate yenye bikaboneti, na mate ya farasi hutoka kwa wingi anapotafuna tu. Mlishe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na utakuwa umeliacha tumbo lake saa nyingi likiwa na asidi isiyo na cha kuizuia.

Ndani, tumbo hilo limegawanyika sehemu mbili. Ya juu ina utando mweupe usio na tezi, unaofanana na ule wa koo, na haina kinga ya maana dhidi ya asidi. Ya chini ina tezi. Ndiyo inayotoa asidi, na hujilinda kwa ute mzito na mtiririko mzuri wa damu. Farasi akitembea tu, asidi hukaa chini mahali pake. Akianza kukimbia, misuli ya tumbo hubana na kuisukuma juu, ikaloweka ule utando usio na kinga. Ndiyo maana vidonda vya juu huandamana na kazi ngumu, nafaka nyingi na njaa ya saa nyingi. Vile vya chini chanzo chake hakijulikani vizuri. Kinachoaminika ni kwamba kinga ya utando wenyewe hudhoofika, na msongo wa maisha ya farasi unatajwa sana.

Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Chuo cha Ulaya cha Tiba ya Ndani ya Farasi lilishauri kwamba aina hizi mbili zihesabiwe kuwa magonjwa mawili, si moja. Hilo linamgusa mwenye kulipa moja kwa moja, kwa sababu dawa inayoponya vya juu kwa wingi huponya vya chini kwa uchache.

Kuna tofauti nyingine ambayo msomaji wa kwetu anapaswa kuishika. Vidonda vingi vya binadamu husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ndiyo sababu mtu hupewa dozi ya antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Kwa farasi, bakteria huyo hajathibitishwa kuwa chanzo. Kumpa farasi ule mseto wa dawa za hospitali ni kupoteza pesa, na ni hatari pia, kwani baadhi ya antibiotiki zikinyweshwa farasi mzima huvuruga utumbo mpana na kuleta kuhara kunakoweza kumuua.

Shaka inapimwaje?

Uwezekano wa kuwa na vidonda hutegemea sana maisha ya farasi. Kwa farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, takwimu zinazokubalika ni kwamba asilimia 80 hadi 100 hupata vidonda vya sehemu ya juu ndani ya miezi miwili au mitatu ya mazoezi. Wale wa mbio za masafa marefu, mchezo uliokita mizizi katika nchi za Ghuba, wamepatikana navyo kwa kiwango cha hadi asilimia 93 wakati wa msimu wa mashindano. Punda nao hawakusalimika. Uchunguzi wa mizoga ya punda wazee 426 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta vidonda kwa asilimia 41, na waliokuwa wakilishwa nafaka ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Kwa hiyo farasi wa mbio anayelishwa ndoo mbili za nafaka na kusimama bandani siku nzima anaposusa chakula, shaka ya vidonda ina msingi imara hata kabla ya kipimo. Lakini dalili zenyewe ni dhaifu kama ushahidi. Farasi mwenye vidonda vikubwa anaweza asionyeshe lolote, na mwenye mkwaruzo mdogo akawa mkali kama nyuki. Kubwa zaidi, dalili hizohizo huletwa na mambo mengine ambayo kuyachunguza ni rahisi na hakugharimu sana.

Meno ndiyo ya kwanza. Magego ya farasi hukua na kusagika, na kingo zake zikiwa kali hukata mashavu, akaanza kudondosha chakula na kukonda. Minyoo ni ya pili. Kinyesi kipelekwe maabara kihesabiwe mayai kabla ya kumwaga dawa. Katika ukanda wetu kupe huleta babesia, na ugonjwa huo ukikaa kimyakimya humfanya farasi awe mnyonge, mwenye upungufu wa damu na asiye na hamu ya kazi. Mahali penye mbung'o, nagana nayo iko kwenye orodha. Halafu kuna tandiko lisilomkaa vizuri: farasi anayeuma mkanda ukikazwa anaweza kuwa anaumwa mgongo, wala tumbo halina habari. Na anayelishwa juu ya udongo wa kichanga hujaza mchanga utumboni, akapata misokoto ya tumbo ya mara kwa mara.

Daktari mmoja, katika ziara moja, anaweza kukagua meno, kusikiliza moyo, kutazama rangi ya ufizi, kuchukua damu na kinyesi, na kupapasa mgongo. Baada ya malisho, ziara hiyo ndiyo matumizi ya kwanza yenye maana. Inagharimu sehemu ndogo ya mwezi wa dawa, na mara nyingine humaliza kesi yote.

Kuna wagonjwa ambao mjadala huu wa unafuu hauwahusu. Mtoto wa farasi anayesaga meno, kutoa mate mengi na kulala chali anahitaji daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa kidonda cha mtoto kinaweza kutoboa tumbo. Vivyo hivyo kwa farasi mzima mwenye msokoto mkali, asiyekula kabisa au mwenye homa. Hapo hakuna majaribio ya nyumbani.

Kamera

Uhakika hupatikana kwa endoskopi tu: kamera yenye mrija wa mita 3 hivi, unaopitishwa puani hadi tumboni. Farasi hunyimwa chakula kwa takriban saa 16 na maji kwa saa kadhaa, kisha huchomwa dawa ya kumtuliza akiwa amesimama. Daktari huona vidonda vilipo na kuvipa daraja. Vya sehemu ya juu hupimwa kuanzia 0 hadi 4. Vipimo vya kutafuta damu iliyofichika kwenye kinyesi, ambavyo huuzwa kama njia ya mkato, havijaweza kuchukua nafasi hiyo. Vinaweza kukosa kidonda kilichopo na kutangaza kisichokuwepo.

Kamera za binadamu ni fupi mno kwa farasi mzima, na daktari wa mifugo mwenye mrija wa urefu huo si wa kumpata kila kona. Gharama kubwa huwa ni safari yake na vifaa vyake, wala si dakika chache za kutazama. Hapo kuna mwanya wa kuokoa pesa: wenye farasi wa eneo moja wakikubaliana siku moja, farasi wanne au watano wakafungishwa pamoja, ile safari hugawanywa. Kabla ya kununua dawa ya mwezi mzima, inafaa kupiga simu na kuuliza bei. Pale bei ya kamera inapokuwa chini ya bei ya siku 28 za dawa, hakuna sababu ya kuanza kwa kubahatisha.

Omeprazoli kwa hesabu

Dawa yenye ushahidi mzito zaidi ni omeprazoli, ambayo huzima mitambo ya kutoa asidi ndani ya seli za tumbo. Ilianza kama dawa ya binadamu, ikaingizwa sokoni na kampuni ya Astra ya Sweden mwaka 1988. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya farasi, uji mzito ndani ya bomba, kwa jina la GastroGard. Bomba moja lina gramu 2.28, yaani dozi ya siku moja ya farasi wa kilo 570 kwa kipimo cha miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Kule Marekani bomba huuzwa kwa kati ya dola 30 na 40. Siku 28 hukaribia dola 1,000, kabla ya kulipia usafiri na ushuru wa kuifikisha Afrika Mashariki.

Macho ya wengi basi hugeukia duka la dawa la mtaani, ambako kapsuli za omeprazoli za miligramu 20 ni za kawaida. Tupige hesabu. Farasi wa kilo 450 kwa miligramu 4 kwa kilo anahitaji miligramu 1,800 kwa siku. Hizo ni kapsuli 90. Kwa siku 28 ni kapsuli 2,520. Zidisha kwa bei ya dukani kwako, na utaona kama unafuu upo kweli au ni wa macho tu.

Lakini si kila hali inadai dozi kubwa hivyo. Omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayopaswa kuizuia, hivyo lazima ikingwe hadi ifike kwenye utumbo. Njia moja ni kuichanganya na kemikali za kupunguza asidi, kama ilivyo kwenye bomba. Nyingine ni kuifanya chembechembe zenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Majaribio ya miaka ya 2010 yalionyesha kwamba kwa vidonda vya sehemu ya juu, chembechembe zenye ganda zinaweza kufanya kazi kwa miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Kwa farasi wetu wa kilo 450, miligramu 1 kwa kilo ni kama kapsuli 23 kwa siku, na miligramu 2 ni kapsuli 45. Hesabu imeshuka kwa nusu au hata robo tatu. Daktari ndiye wa kuamua dozi na aina, kwa sababu chembechembe za kiwanda kimoja si za kingine, na kutumia dawa ya binadamu kwa mnyama kunahitaji maelekezo ya daktari aliyesajiliwa.

Akikubali, namna ya kuitoa ndiyo itakayoamua kama pesa imefanya kazi. Kapsuli hufunguliwa, zile chembechembe ndogo zikamwagwa nzima, bila kusagwa, kwenye kijiko cha mafuta ya kupikia ndani ya bomba pana lisilo na sindano, na kusukumwa nyuma ya ulimi. Ukizisaga kwenye kinu umevunja ganda. Ukiziloweka kwa maji tangu jana yake umeziharibu. Wakati mzuri ni alfajiri, kabla farasi hajapewa chochote, kwani tumbo lililojaa nyasi hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Asubiri nusu saa hadi saa moja, ale nyasi, ndipo afanye kazi. Saisi anayeijua ratiba hii na kuifuata kila siku huokoa pesa kuliko punguzo lolote la bei dukani.

Kuna aina moja ya unafuu ya kuogopwa: dawa zinazochanganywa kienyeji kwa wingi na kuuzwa ndani ya chupa kama maji mazito. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwalinganisha farasi wa mbio waliopewa bomba lililoidhinishwa na waliopewa mchanganyiko wa namna hiyo. Wa bomba walipona kwa wingi. Wa chupa hawakupata nafuu ya maana. Rahisi ghali, na hapa msemo huo una ushahidi wa kisayansi.

Kuhusu matarajio, kwa miligramu 4 kwa kilo, siku 28 huponya kabisa vidonda vya sehemu ya juu kwa asilimia 70 hadi 77 ya farasi. Kwa vidonda vya sehemu ya chini, kiwango hicho huanguka hadi karibu asilimia 25. Takwimu hizi mbili ndizo zinazoamua nani aanze na dawa na nani aanze na kamera, kama tutakavyoona.

Dawa nyingine na dawa bandia za tumaini

Kwa vidonda vya chini, madaktari huongeza sukralfeti, dawa inayoshika kwenye kidonda na kukifunika, kwa miligramu 12 kwa kilo mara mbili kwa siku. Ikitolewa pamoja na omeprazoli imeponya takriban theluthi mbili ya farasi. Misoprostoli nayo imeonyesha matokeo mazuri, na kidonge chake si ghali. Lakini ni dawa inayosababisha mimba kuharibika. Mwanamke mjamzito asiiguse, na farasi jike mwenye mimba asipewe. Mahali ambapo vidonge hushikwa na yeyote aliyepo bandani, hatari hiyo inapaswa kupimwa kabla ya bei.

Ranitidini ilitumika kwa miaka mingi kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ilihitaji kutolewa kila baada ya saa 8, ilikuwa dhaifu kuliko omeprazoli, na mwaka 2020 Marekani iliiondoa sokoni kwa sababu ya uchafu wa kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Dawa za maji za kupunguza asidi, zile nyeupe za binadamu, hutuliza kwa saa chache tu. Ili kumtibu farasi ungezihitaji mara nyingi kwa siku na kwa ujazo mkubwa.

Alovera inapendwa sana kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa Australia waliilinganisha na omeprazoli kwa farasi wenye vidonda. Kwa vidonda vya sehemu ya juu, karibu robo tatu ya waliopewa omeprazoli walipona, na chini ya robo ya waliopewa alovera. Haiwezi kubeba mzigo wa tiba. Vivyo hivyo kwa viongeza vingi vya kwenye makopo: vichache vina dalili ya kusaidia kuzuia, na vingi vina maelezo marefu kwenye lebo kuliko ushahidi nyuma yake.

Pesa nyingine huokolewa kwa kuacha. Fenilibutazoni, ambayo mabandani huitwa bute, na ndugu zake wa kutuliza maumivu hudhoofisha kinga ya utando wa tumbo na utumbo. Farasi anayepewa bute kila wiki ili aendelee kukimbia, kisha akapewa omeprazoli kuondoa madhara ya bute, anagharamiwa pande zote mbili. Na utafiti wa mwaka 2021 ulionya kwamba kuzitoa pamoja kunaweza kuongeza matatizo ya utumbo mpana. Zungumza na daktari kama maumivu hayo yanaweza kushughulikiwa kwa mapumziko au kwa fundi mzuri wa kwato.

Gorogoro na wavu

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha farasi 201 kutoka mabanda mbalimbali, ulitoa orodha ambayo kila mwenye farasi angeweza kuibandika ukutani. Wanga unaozidi gramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku uliongeza hatari ya vidonda maradufu. Kukaa zaidi ya saa 6 bila nyasi kuliongeza hatari. Mabua makavu yakiwa lishe pekee, hatari ilipanda. Na farasi aliyekosa maji akiwa uwanjani naye alikuwa hatarini zaidi.

Tuyalete haya kwenye ndoo. Kwa farasi wa kilo 450, kikomo cha wanga ni gramu 900 kwa siku, na ni busara mlo mmoja usizidi nusu ya hapo. Mahindi ni wanga kwa karibu thuluthi mbili ya uzito wake. Gorogoro moja la mahindi, takriban kilo 2, limebeba wanga wa kilo 1.3 au zaidi. Yaani gorogoro moja kwa siku tayari limevuka mstari, na kuna farasi wanaopewa zaidi ya hilo juu ya molasi. Kupunguza mahindi hakuhitaji shilingi, kunarudisha shilingi. Kama kazi inadai nguvu zaidi, mafuta ya kupikia huongeza nguvu bila wanga. Yaanze kwa kijiko kimoja na kuongezwa taratibu.

Pesa iliyookolewa kwenye nafaka ihamie kwenye nyasi. Farasi anahitaji angalau kilo 1.5 za lishe ya majani, kwa uzito mkavu, kwa kila kilo 100 za mwili. Kwa kilo 450 ni takriban kilo 7.5 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, na akiweza kupata zaidi ni heri. Nyasi za Rhodes zilizovunwa kabla hazijawa ngumu zinafaa. Lusani, majani ambayo wengine huyaita alfalfa, ina protini na kalsiamu nyingi zinazopunguza makali ya asidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulikuta vidonda vichache kwa farasi waliolishwa lusani kuliko waliolishwa nyasi za kawaida. Haihitaji kuwa lishe yote. Kilo moja au mbili kwa siku, zikigawanywa, zinatosha kuongeza faida.

Njia ya kuzifanya kilo 8 zidumu saa 24 ni wavu wenye matundu madogo. Fundi wa kusuka nyavu anaweza kuutengeneza kwa kamba imara. Utundikwe juu kiasi kwamba farasi hawezi kunasa kwato hata ukiwa mtupu, na ujazwe mara ya mwisho usiku, kabla saisi hajalala, ili njaa isianze saa tatu usiku na kuisha alfajiri.

Na kabla ya kila kazi, nusu saa mapema, apewe majani makavu yaliyokatwakatwa, ujazo wa kama lita 2. Humfanya atafune na kutoa mate, na yale majani huelea juu ya maji ya tumbo, yakizuia asidi isirukie sehemu ya juu anapokimbia. Kuna waendeshaji wanaoamini kwamba farasi akimbie tumbo tupu. Kwa tumbo la farasi, hiyo ni kanuni iliyopinduliwa.

Farasi wawili, njia mbili

Mchukue farasi wa mbio wa miaka minne, anayekaa bandani saa 22 kwa siku na kula nafaka mara mbili. Amesusa nafaka na mbio zake zimepungua. Meno, damu na kinyesi viko salama. Uwezekano kwamba ana vidonda vya sehemu ya juu ni mkubwa mno, na dawa ya vidonda hivyo hufanya kazi kwa wengi. Kama kamera si nafuu kuliko dawa, kumpa dawa bila kamera ni uamuzi wa busara, mradi iendeshwe kama kipimo. Yaani wiki mbili za kwanza ni za malisho tu, kama hali yake inaruhusu kusubiri. Akipona, dawa haijanunuliwa. Asipopona, malisho yabaki vilevile na dawa ianze, ili mabadiliko yatakayoonekana yajulikane yametokana na nini. Kila wiki, saa ileile, apimwe kwa utepe wa uzito kifuani, yaandikwe mabaki ya ndoo na jinsi anavyopokea mkanda. Kwa kawaida hamu na tabia huanza kubadilika ndani ya wiki mbili za dawa. Zikipita bila mabadiliko yoyote, simamisha ununuzi na uite kamera. Kuongeza wiki nyingine mbili za kubahatisha ndipo pesa inapozama. Akiwa na mashindano, uliza kanuni za mchezo kuhusu siku za kuacha dawa.

Sasa mchukue wa pili, farasi wa kupanda wa miaka kumi na miwili. Yuko malishoni siku nzima, hapewi nafaka, anafanya kazi nyepesi, lakini ni mkali akipigwa brashi ubavuni na hataki kusonga mbele. Malisho yake hayana cha kurekebishwa. Kama ni vidonda, huenda ni vya sehemu ya chini, ambavyo omeprazoli peke yake huponya kwa robo tu ya farasi. Mwezi wa dawa ukimshinda, hujajua kama hana vidonda au ana vidonda visivyosikia dawa hiyo. Kwake, kamera ndiyo matumizi ya kwanza baada ya ziara ya daktari, na huenda ikaonyesha tumbo safi na kumrudisha mwenye farasi kwenye tandiko au mgongo.

Wa kwanza akipona, kazi haijaisha. Dawa inapoachwa ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kasi, ndiyo maana madaktari wengi hupunguza dozi kwa hatua na kuepuka safari ndefu au mbio ngumu katika siku hizo. Na akirudishiwa ndoo zake mbili na usiku mrefu bila nyasi, vidonda vitarudi na gharama itaanza upya. Bajeti ya farasi anayeshukiwa kuwa na vidonda basi iandikwe hivi: mstari wa kwanza ni nyasi za mwaka mzima, wa pili ni ziara ya daktari, wa tatu ni dawa yenye tarehe ya kukoma, wa nne ni kamera. Kwa farasi kama yule wa pili, au pale kamera ni nafuu kuliko dawa, kamera inapanda juu ya dawa. Viongeza vya kwenye makopo vipewe kitakachobaki, kama kitabaki.